Daftari, simu au kompyuta: mtunzi wa Lamu aweke wapi kazi yake?

Waulize watu watatu wa Lamu wanaoishi kwa kazi ya kutunga, utapata majibu matatu. Mshairi atakutolea kaunta buku lililokunjika pembe. Kijana anayepeleka wageni baharini na kutengeneza video za safari zao atakuonyesha simu. Mfasiri anayepokea kazi kutoka Nairobi atakwambia bila laptopu hakuna kazi. Kila mmoja asema kweli, maana kila mmoja anazungumzia kazi yake mwenyewe. Taabu huanza pale unapochukua jibu la mshairi ukalipeleka kwenye kazi ya mfasiri.

Ulinganisho huu ni wa yule aliyekwama katikati: ana daftari lililoandikwa nusu, ana programu tatu za kuandikia kwenye simu, na ana kompyuta yenye mafaili yanayoitwa "mpya", "mpya 2" na "mpya ya mwisho kabisa".

Kwanza ujue kazi yako inavujia wapi

Mafundi wa Matondoni jahazi likiingiza maji hawalivunji. Hutafuta upenyo mmoja wakautia kalafati. Na kazi ya kutunga ni hivyo hivyo. Kuna mtu ambaye mawazo humpotea kabla hajayaandika. Kuna aliyeandika kila kitu, lakini akihitaji sentensi ile ya mwezi wa Ramadhani haioni tena. Kuna mwenye kila kitu mkononi ila saa zake huliwa na kikundi cha WhatsApp cha harusi ya binamu. Na kuna aliyemaliza kazi vizuri kabisa, simu ikatumbukia majini pale gatini wakati wa kushuka kwenye boti.

Kwa hivyo nitavipima vyombo vitatu kwa vigezo vitano: wepesi wa kunasa wazo linapokuja, wepesi wa kulipata tena, utulivu wa kukaa na kazi, uwezo wa kustahimili kisiwa chenyewe na bahari yake, halafu pesa. Soma zaidi kile kigezo kinachokuuma.

Nikisema daftari, nina maana ya karatasi yoyote unayoiandika kwa mkono, kuanzia kijidaftari cha mfukoni hadi kaunta buku. Simu ni simu pamoja na programu zake za maandishi, kinasa sauti na kamera. Kompyuta ni laptopu yenye kibodi, hata ikiwa ni ya mtumba.

Wazo linapokuja

Daftari halina nywila na halingoji kuwaka. Unalifungua unaandika. Kwa anayechora, hakuna mjadala mrefu: fundi wa nakshi anayetafuta mkunjo wa jani kwenye kizingiti cha mlango huupata kwa penseli, mkono ukirudi na kurudi mpaka mstari ukubali. Kuna simu zenye kalamu yake na kuna kompyuta za kuchorea, lakini bei zake ni nyingine, na kidole juu ya kioo hakina ule ukwaruzo wa karatasi unaoufundisha mkono. Udhaifu wa daftari ni kwamba lazima uwe nalo. Kaunta buku limebaki nyumbani, wazo limekufika Shela. Kijidaftari kinachoingia mfuko wa shati au mkoba mdogo huondoa nusu ya tatizo, na nusu iliyobaki ni kalamu.

Simu hapa ina nguvu yake kubwa, kwa kuwa hakuna anayeisahau. Umebeba mzigo, unapishana na punda kwenye kichochoro, mkono mmoja tu ndio ulio huru: bonyeza, sema, endelea. Tangu 2017 Google imeruhusu kuandika kwa sauti kwa Kiswahili, kwa hivyo unaweza kuzungumza na maneno yakajiandika. Ukizungumza Kiswahili sanifu polepole, hufanya kazi ya kutosha. Ukizungumza Kiamu, tenga muda wa kusahihisha. Kwenye boti ya Mokowe, hasa Kusi ikivuma, utasikia upepo na injini kuliko sauti yako. Geuka uupe upepo mgongo, simu uiweke karibu na mdomo, na useme sentensi mbili tu. Sauti ndefu za dakika sita hakuna anayezirudia kuzisikiliza, hata mwenyewe.

Kuna pia adha ya simu inayojitia kujua Kiingereza. Unaandika "kama" inakuwa "karma", na ubeti wako unageuka hotuba ya mwalimu wa yoga. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili, au zima kabisa ule urekebishaji wa maneno. Ni kazi ya dakika mbili, na sijui kwa nini watu huvumilia miaka.

Wengi hujiandikia kwenye WhatsApp. Zamani watu waliunda kikundi kisha wakamwondoa kila mtu wabaki peke yao. Tangu mwishoni mwa 2022 programu yenyewe imekuwa na njia ya kujitumia ujumbe. Ni rahisi mno, na urahisi huo una gharama yake, kama tutakavyoona kwenye kigezo cha utulivu.

Kompyuta kwa kunasa ni dhaifu, tusipoteze wino. Hakuna atakayefungua laptopu kwenye mashua kwa ajili ya mstari mmoja. Ila kama unakaa mezani kutwa nzima na mawazo hukujia ukiwa hapo hapo, basi udhaifu huu haukuhusu.

Kulipata tena

Daftari ndilo linalotuhumiwa zaidi hapa, na mara nyingi kwa haki. Kuna watu wana madaftari kumi na mawili kwenye sanduku na hawajui kilichomo hata kwenye moja. Lakini kosa si la karatasi. Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki 1998, alijikusanyia kadi za karatasi zipatazo 90,000 na akaandika vitabu kwa makumi kutokana nazo. Siri yake ilikuwa namba: kila kadi ilikuwa na namba yake, na kadi moja ilikutuma kwa nyingine. Huhitaji kadi elfu tisini. Unahitaji kuandika namba kwenye kila ukurasa, uache kurasa mbili za mwanzo tupu, na kila ukiandika jambo la maana uende mwanzo uandike: "Methali za bahari, uk. 14, 31." Mmarekani Ryder Carroll alipoutangaza mtindo wake wa daftari mwaka 2013, ukaenea duniani kote, moja ya nguzo zake ilikuwa hii hii faharasa ya mwanzo. Ajabu ni kwamba wengi waliiga mapambo ya rangi wakaiacha faharasa.

Simu hutafuta haraka, kwa sharti moja: uwe umeandika maneno. Andika "mkeka" kwenye sehemu ya kutafuta na kila noti yenye mkeka inakuja. Lakini ukitazama simu za watu, kazi yao nyingi haimo kwenye noti. Imo kwenye picha za skrini, ambazo zimechanganyika na picha za watoto, matangazo ya Maulidi, risiti za M-Pesa na mitungi ya gesi inayouzwa. Imo kwenye sauti ambazo hazina majina. Ukiwa mtu wa simu, kanuni moja itakuokoa: kila unachonasa, mstari wake wa kwanza uwe na maneno matatu utakayoyakumbuka. "Video, machweo, Takwa." Basi.

Kompyuta ndiyo iliyo juu zaidi kwenye kigezo hiki, na kwa kazi ndefu huwezi kuishindanisha. Folda moja kwa kila mradi. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama vile 2025-03-14, na mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe bila wewe kugusa kitu. Hapo "mpya ya mwisho kabisa" inakufa kifo chake. Mhariri mwenye miaka minne ya makala anaweza kupata kila mahali alipotaja Siyu kwa kubofya mara moja.

Tahadhari moja kwa wanaotunga kwa lahaja: mashine hutafuta herufi, haitafuti maana. Ukiandika "ndia" leo na "njia" kesho, "mato" hapa na "macho" pale, utafutaji utakuletea nusu. Amua namna moja kwa vichwa vya noti, hata kama ndani ya shairi unaandika upendavyo.

Kukaa na kazi

Hapa ndipo palipo na mengi, kwa sababu wengi wanaolalamika kwamba hawana mfumo, ukiwachunguza, wana mfumo mzuri. Hawana saa.

Tazama ukurasa wa mtu anayetunga utenzi kwenye kaunta buku. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya mwanzo vinakubaliana kwa kina, na cha nne kinabeba bahari, yaani kina kimoja kitakachokwenda hadi mwisho wa utenzi. Pembeni ya karatasi kuna safu ya maneno yenye kina kimoja: *pwani, ndani, jirani, thamani, amani*. Mawili yamekatwa. Moja limekatwa kisha likarudishwa kwa kuzungushiwa duara. Juu ya mstari kuna alama ndogo za kuhesabu mizani, moja moja. Chini kuna ubeti mzima umepigwa msalaba, lakini unasomeka, na siku mbili baadaye ndio unaotoa kipande cha tatu kilichokuwa kikikosekana. Ukurasa ule umehifadhi kazi pamoja na kumbukumbu ya kazi. Kwenye simu neno lililofutwa limekwenda, na maneno ya pembeni hayana pembe ya kukaa. Kwa ushairi, na kwa uchoraji, mimi nalipa daftari alama za juu bila kusita.

Kuna pia suala la namna akili inavyofanya kazi ukiandika kwa mkono. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walitoa utafiti ulioonyesha kuwa wanafunzi waliochukua noti kwa laptopu walielekea kunakili maneno ya mhadhiri neno kwa neno, na wale wa kalamu walifupisha kwa maneno yao na wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kufikiri. Waliorudia utafiti huo baadaye hawakupata tofauti kubwa hivyo kila mara, kwa hivyo usiutumie kumpiga mtu. Lakini ile sehemu ya kunakili unaweza kujipima mwenyewe: mhoji mzee kuhusu uvuvi ukiandika kwa kibodi, kisha mhoji mwingine kwa kalamu, ulinganishe noti zako.

Simu kwenye kigezo hiki iko taabani, na kila mtu anajua. Unaifungua kuandika wazo, unakuta ujumbe kumi na saba, na baada ya nusu saa umeona kila kitu isipokuwa wazo lako. Anayejiandikia ndani ya WhatsApp ameweka meza yake ya kazi katikati ya soko. Hata hivyo simu inaweza kutulizwa. Washa hali ya Usinisumbue, ruhusu watu wawili watatu tu wa nyumbani, weka programu ya noti peke yake kwenye ukurasa wa kwanza na nyingine zote uzisukume mbali. Nimewaona watengeneza video wakihariri kwa simu kwa saa mbili bila kuinua uso, maana wanajua kuifunga data kabla hawajaanza. Anayeweza kufanya hivyo ana chombo kamili mkononi.

Kompyuta iko katikati. Ikiwa na intaneti ni simu yenye skrini kubwa. Ikiwa haina, ni mashine ya kuandikia yenye uwezo wa kufuta, na kwa makala ya maneno elfu tatu hakuna kinachoikaribia. Kuandika kwa mkono maneno elfu tatu halafu uyapige chapa upya ni adhabu, ingawa wapo wanaosema ile kupiga chapa upya ndiyo uhariri wao wa kwanza, na siwakatalii.

Kuhusu saa zenyewe: Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alichukua kitaima cha jikoni chenye umbo la nyanya akaanza kufanya kazi dakika 25, kisha akapumzika dakika 5. Mtindo huo umegeuzwa programu nyingi sana. Hufanya kazi vizuri kwa kazi usiyoipenda, kama kujaza ankara au kusahihisha tahajia. Kwa shairi au nakshi dakika 25 mara nyingi ndio kwanza mkono umepata moto. Na mtu wa Lamu tayari ana kipimo cha siku. Huku karibu na ikweta nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima, kwa hivyo kati ya adhuhuri na alasiri una kipande kirefu cha saa tatu hivi, na kati ya magharibi na isha una kipande kifupi cha saa moja na ushei. Kipande kirefu kiwe cha kutunga, kifupi kiwe cha kupanga na kujibu watu. Au, kama nyumba yako ina watoto na mchana hakuna utulivu, kutunga kuwe baada ya alfajiri kabla mji haujaamka, simu ikiwa bado imelala chumba kingine. Kipimo hiki hakihitaji chaji na kinasikika kutoka misikiti yote.

Kisiwa chenyewe

Chumvi, unyevu na mchanga havijali umetumia chombo gani. Karatasi huvimba masika, hasa mwezi Mei, na wino wa maji ukipata tone hutambaa. Tumia biro ya kawaida au penseli, vyote viwili huvumilia kuliko kalamu za jeli. Mende na mchwa nao wana hamu yao. Pamoja na hayo, tukumbuke kwamba Siyu na Pate zilikuwa na waandishi walionakili misahafu na tenzi kwa mkono, na maandishi ya karne za 18 na 19 yapo mpaka leo. Karatasi iliyotunzwa ina umri mrefu kuliko simu yoyote utakayowahi kununua. Tatizo lake ni kwamba iko moja tu. Ikipotea, imepotea. Piga picha kurasa zako kila wiki, na hapo simu inakuwa msaidizi wa daftari badala ya mshindani wake.

Simu huvumilia stima kupotea, kwani pawabenki moja ndogo inakuvusha siku nzima. Adui wake ni maji. Na ikitumbukia, usiitie kwenye mchele: Apple yenyewe ilitahadharisha wateja wake mapema 2024 kwamba vipande vidogo vya mchele vinaweza kuidhuru simu. Izime, ielekeze tundu la chaji chini, iache mahali penye hewa kavu. Maji ya bahari ni mabaya kuliko ya bomba, chumvi hubaki ndani hata maji yakikauka, kwa hivyo ipeleke kwa fundi mapema.

Kompyuta ndiyo inayoteseka zaidi: chumvi kwenye matundu, mchanga kwenye kibodi, na betri ya mtumba inayokufa dakika ishirini baada ya stima kukatika. Isibaki wazi baraza la juu usiku kucha. Ikivushwa kwa boti, ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya mkoba. Kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika chache, na programu nyingi zina njia ya kufanya hivyo zenyewe.

Kwa nakala za akiba, mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtengeneza video wa Lamu, "mahali pengine" pawe nje ya kisiwa kweli, maana mji wa maghorofa ya mawe na mbao na vichochoro vyembamba si mahali pa kuweka nakala zote tatu kwenye nyumba mbili zinazopakana. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazotosha maandishi ya maisha yako yote. Kwa video ni hadithi nyingine: dakika moja ya 4K hula mamia ya megabaiti, na bando litakwisha kabla ya faili. Hapo diski ya nje anayokaa nayo dada yako Mombasa, inayobadilishwa kila mtu akisafiri, ni nafuu na ni salama.

Pesa

Daftari ni bei ya chai na mahamri ya watu wachache. Simu unayo tayari, gharama yake ni bando na kishawishi. Kompyuta ni pesa ya maana, na baada yake kuna programu. Usikimbilie za kulipia kila mwezi: LibreOffice ni bure, inafungua na kuhifadhi hati za Word, na inafanya kazi bila intaneti. Ile programu inayokuomba dola kila mwezi ili upange mawazo yako, ngoja kwanza ione umepanga nini bila yake.

Nani kimfae kipi

Daftari lamfaa anayetunga vipande vifupi na vizito: mshairi, mchoraji, fundi wa nakshi, mtunzi wa nyimbo, na pia mwanafunzi anayejua kwamba simu inamshinda. Halimfai anayefanya kazi na wenzake walio mbali, wala anayetakiwa kutoa hati kila Jumatatu.

Simu yamfaa ambaye kazi yake iko njiani: mwongoza wageni, mpiga picha, mwandishi wa habari wa mitaani, mama mwenye biashara ya mapishi anayenasa picha na bei papo hapo jikoni. Haimfai asiyeweza kuwasha Usinisumbue bila kuizima baada ya dakika tano.

Kompyuta yamfaa mfasiri, mhariri, mwandishi wa ripoti, mtengeneza video ndefu, na yeyote mwenye miradi mitatu inayokwenda pamoja. Anayeanza na hajui bado kama ataendelea, asikope kuinunua.

Kwa hali yako

Kama mawazo hukupotea kabla hujayaandika, anza na simu au kijidaftari cha mfukoni, na uchague kimoja tu. Mlango wa kuingilia wazo ukiwa mmoja, huulizi tena "niliandika wapi?" Kila Alhamisi jioni hamisha vilivyo na maana, vingine viache.

Kama umeandika mengi na huoni chochote, usinunue chombo kipya. Mwenye madaftari aweke namba na faharasa kuanzia daftari la sasa, ya zamani ayaache mpaka yatakapohitajika. Mwenye picha za skrini mia tano afungue albamu moja ya kazi na aingize humo za wiki hii tu. Mwenye mafaili aanze kuyapa majina ya tarehe leo.

Kama una kila kitu ila huna saa, ondoa simu chumbani kwa kipande kimoja cha siku, hicho hicho kila siku, na utunge kwa daftari au kwa kompyuta iliyozimwa intaneti. Ramadhani vipande vyote huhama. Wengi huona baada ya tarawehe kichwa kimetulia kuliko mchana wa saumu, basi panga upya kwa mwezi huo bila kujilaumu.

Kama unatunga tenzi na unataka kuzichapisha, tunga kwenye karatasi, piga picha ukurasa ukiisha, na upige chapa kwenye kompyuta pale tu utenzi unapofika mwisho. Ukiipeleka mapema kwenye skrini utaanza kupanga mistari badala ya kuitunga.

Kama unapokea kazi za kulipwa kutoka bara au ng'ambo, kompyuta haina mbadala hata iwe ya mtumba. Kabla hujaikubali kazi, hesabu muda wa stima kukatika ndani ya tarehe ya mwisho, na umwambie mteja tarehe iliyo mbele kwa siku mbili.

Kama una simu tu, na pesa ya kompyuta haipo mwaka huu, kazi bado inawezekana. Ongeza kibodi ya Kiswahili, chagua programu moja ya noti inayofanya kazi bila intaneti, iunganishe na akaunti yako ili nakala ipande kila upatapo Wi-Fi, na simu yenyewe uivalishe kamba ya shingoni ukipanda boti.